Swali la Kanali Kwa Pamoja

Ndugu, jamaa na marafiki, familia inawashukuru kwa kufika. Mliokuja kwa sare mlimfahamu marehemu kwa jina la Kanali Kwa Pamoja. Majirani mlimwita Mzee Mizani, kwa sababu hakuna mzigo uliopita langoni kwake bila yeye kuunyanyua kidogo na kutaja kilo zake. Sisi wa nyumbani tulimwita baba, babu na shemeji, na tuna ruhusa ya kumtania hata leo. Yeye mwenyewe aliagiza kwamba wasifu wake usiwe mkavu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, chumba cha mwisho kabisa, kilichopakana na lango la malori. Alikuwa mtoto wa nne wa dereva wa lori na mama mshonaji. Utotoni alikuwa mtundu wa kupindukia. Siku moja alijifunga shuka la mama yake mabegani, akapanda paa la stoo ya kiwanda na kuruka, akavunjika mfupa wa bega. Baba yake alipomuuliza alikuwa anafikiria nini, alijibu kwamba shuka halikuwa na kasoro yoyote, ila yeye ndiye aliyekuwa mzito. Mama yake alicheka mpaka akasahau kumchapa, na shuka lenyewe likachanwa kumfungia mkono.

Alisoma shule ya msingi ya kiwanda, kisha sekondari ya bweni, ambako aliongoza katika fizikia na kushika mkia katika uimbaji. Mwaka 1971 alijiunga na jeshi. Miaka miwili baadaye alipelekwa masomoni ng'ambo, katika nchi ya baridi kali, kusomea uhandisi wa silaha za ndege. Alirudi mwaka 1977 akiwa na shahada, koti zito ambalo hakulivaa tena maishani, na tabia ya kuzitukana boliti kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Akapangiwa karakana ya helikopta. Kazi yake ilikuwa kufunga mizinga, makasha ya roketi na makombora, na kuhakikisha kwamba kinachotakiwa kutoka kinatoka, na kinachotakiwa kubaki kinabaki.

Ndoa yake ilitokana na kidole. Mwaka 1979 alibanwa kidole na kifuniko cha kasha la roketi, akaenda zahanati, akafungwa bandeji na muuguzi msaidizi mwenye maneno machache. Alirudi kukionyesha kidole kile hata baada ya kupona kabisa, mpaka muuguzi akamwambia akiendelea hivyo atamfungia bandeji mdomoni. Siku alipojipa moyo wa kuposa, alianza na ahadi.

"Nitakujengea nyumba," alisema. "Nitakusomesha ukunga mpaka umalize. Na kila jioni nitakuwa nyumbani, tukae pamoja kibarazani."

Yule dada akaendelea kukunja mashuka ya zahanati. Kisha akamtazama.

"Kwa pamoja?"

Marehemu alizihesabu tena ahadi zake kwa vidole. Mwisho akasema, "Hapana. Moja baada ya nyingine. Lakini zote."

"Basi nenda kwa wazee," akajibiwa. Walifunga ndoa tarehe 12 Aprili 1980. Kwa hiyo wenzake wa jeshini mtusamehe kwa kuwaharibia hadithi mliyoizoea. Neno mlilomsikia akilisema kila mahali halikuwa lake. Alilikopa kwa mkewe na hakulirudisha.

Neno hilo lilipata kazi kubwa mwaka 1994. Jeshi lilikuwa linanunua helikopta mpya za mashambulizi, na marehemu, wakati huo Luteni Kanali, aliteuliwa kwenye kamati ya kuchagua helikopta na silaha zake. Makampuni mawili yalikuja na vielelezo. Helikopta ya kwanza ilikuwa kubwa na ya kuvutia. Ukurasa mmoja wa kitabu chake chenye picha za rangi ulisema inabeba makombora kumi na sita ya kupigia vifaru, pamoja na mzinga puani na roketi ubavuni. Ukurasa mwingine ulisema inaruka saa tatu bila kuongeza mafuta. Wa tatu ulisema inavuka milima mirefu. Mwenyekiti wa kamati, jenerali mwenye moyo mzuri na haraka nyingi, alikuwa tayari anaiona ikipita juu ya gwaride.

Marehemu akanyoosha mkono. "Kwa pamoja?"

Mkalimani akatafsiri. Muuzaji akatabasamu, akafungua ukurasa mwingine.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego, na tuueleze vizuri kwa sisi tusiorusha chochote. Kila ukurasa ulikuwa wa kweli. Ila mzigo wa makombora hula nafasi ya mafuta, na mafuta yakijaa hula nafasi ya makombora. Tena hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi. Helikopta inayonyanyuka vizuri asubuhi kule bondeni inaweza kugoma saa saba mchana kule juu, na marubani wetu walikuwa wanapelekwa kule juu. Mmoja wao alikuwa mdogo wa mwisho wa mkewe, aliyelelewa nyumbani kwao na kusoma kwa taa ya mezani ya marehemu. Kama helikopta isingeweza kubeba vyote kwa pamoja, huyo kijana angegundua akiwa hewani.

Marehemu aliuliza tena kikao cha pili, na cha tatu. Mwenyekiti akachoka.

"Luteni Kanali, hapa hatununui mkokoteni. Swali lako limesikika."

"Limesikika, afande, ila halijajibiwa."

"Sisi sote tunajua shida yako. Shemeji yako ndiye atakayeirusha. Unamwonea huruma."

"Ndiyo, afande, namwonea huruma. Na kila rubani ni shemeji wa mtu."

Aliyefuata kusema ni mchumi wa wizara, mama ambaye vikao vyote vilimwita Mama Risiti. Alifunga kalamu yake akasema, "Mimi siwezi kuidhinisha ununuzi wa kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi niliyoambiwa kinafanya. Tuzipeleke juu. Mchana. Zikiwa zimejaa."

Wakazipeleka. Ile kubwa ilijazwa kila kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Ilinguruma, ikatimua vumbi, ikatambaa uwanjani kama kuku anayetaka kuruka ukuta, ikanyanyuka kimo cha mtu, kisha ikakaa chini. Muuzaji alisema upepo haukuwa mzuri siku hiyo. Ile ndogo, ya kampuni ya pili, ikafuata na mzinga wake, kasha moja la roketi, makombora manne na tangi lililojaa, ikapanda bila mbwembwe, ikaenda, ikarudi. Ndiyo iliyonunuliwa.

Marehemu hakupewa maua. Ukanali wake ulichelewa, wenzake wakapanda vyeo, yeye akabaki na helikopta ambazo vijana waliziita vifaranga. Mkewe alipoulizwa na ndugu kama haimuumi kuona mumewe amerukwa, alijibu kwamba nyota za begani nazo zina uzito wake. Sisi tuliona ilimuuma mume kidogo zaidi ya mke, na hakuna ubaya kulisema hapa.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Marehemu hakuwa malaika wa hesabu. Ilipofika zamu ya kuchagua kamera ya kuona joto ya kufungwa puani, yeye aliikataa. "Hizo ni kilo za bure," alisema, "afadhali mafuta." Walibishana na Mama Risiti mpaka chai ikapoa, na mara hiyo Mama Risiti alishinda. Marehemu alirudi nyumbani amenuna.

Tarehe 20 Agosti 1998, saa sita mchana, shemeji yake alitumwa kusindikiza malori ya majeruhi yaliyokwama kwenye njia ya milimani chini ya mashambulizi. Aliondoka na mzinga uliojaa, roketi, makombora na mafuta ya kwenda na kurudi, jua likiwa utosini. Kifaranga kikapanda. Vumbi lilipofunika barabara, kamera ile ikamwonyesha kila lori, naye akazunguka juu yao mpaka la mwisho lilipopita. Kisha akarudi.

Marehemu alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana tangu mchana, amekataa chakula. Rubani aliposhuka, marehemu hakumkumbatia kwanza. Aligusa pua ya helikopta, akauliza, "Mafuta yamebaki?"

"Yamebaki, shemeji."

Hapo ndipo alipokaa juu ya sanduku la risasi akalia waziwazi mbele ya mafundi wake, wala hakuona aibu. Alipomaliza alikwenda kwenye simu ya ofisini akampigia Mama Risiti. "Ile kamera ilistahili uzito wake," alisema. "Nilikuwa mkaidi." Mama Risiti, ambaye leo amekaa nasi safu ya mbele, anasema alimwomba aliandike neno hilo. Hakufanya hivyo. Tunalisema sisi kwa niaba yake.

Ahadi zake za zahanati alizishughulikia kwa zamu. Nyumba ilikamilika mwaka 1986. Mkewe alihitimu ukunga mwaka 1991, na watoto wengi wa mtaa huu wamepita mikononi mwake. Ya tatu ndiyo iliyosumbua, kwa sababu kazi ilimla jioni zake zote. Alistaafu mwaka 2006, akiwa Kanali hatimaye, na kuanzia siku hiyo alikuwa nyumbani kila jioni bila kukosa. Alipanga upya makabati ya jikoni kwa uzito, vizito chini, vyepesi juu. Baada ya mwezi mkewe alimsihi atafute hata chama cha kucheza bao. Lakini kibarazani walikaa, viti viwili, redio moja, na walikuwa na furaha. Tuliiona kwa macho yetu.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilijaa maji na pumzi ikawa fupi. Alitibiwa vizuri, na familia inawashukuru wauguzi na madaktari wote. Mwezi Mei mwaka 2024 daktari wake, binti wa umri wa mjukuu wake, alikaa kando ya kitanda kumweleza. Akilazwa atapata oksijeni muda wote, dawa za kuingizwa mshipani na uangalizi wa karibu. Akirudi nyumbani atapata utulivu na familia yake.

"Kwa pamoja?" akauliza mgonjwa.

Daktari akacheka, machozi yakamlengalenga. "Hapana, babu. Hapa inabidi uchague."

"Basi punguza dawa, ongeza nyumbani."

Alifariki tarehe 9 Juni 2024, jioni, kibarazani, kwenye kiti chake. Mkewe alikuwa kando yake akimenya maharage. Anasimulia kwamba marehemu alimgeukia akamuuliza, "Mama watoto, zile ahadi. Nimezimaliza?"

"Umezimaliza, baba watoto. Zote."

"Kwa pamoja?"

"Hapana. Moja moja. Kama ulivyosema."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akanyamaza, na redio ikaendelea kuimba.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wakwe, wajukuu saba, na dada mmoja ambaye bado anakumbuka lile shuka. Ameacha pia mafundi wa karakana ambao hadi leo hawafungi kasha bila kuuliza swali lake. Na ameacha shemeji mmoja, rubani mstaafu, mwenye mvi sasa. Alipewa wasifu huu ausome kwa sababu marehemu aliagiza usomwe na mtu ambaye asingekuwepo kuusoma kama lile swali lisingeulizwa.

Shemeji, nipo. Mizigo yako yote imeshuka salama. Pumzika kwa amani.