Mhandisi Tusekile na Ziwa Lisilosimama

Mchungaji, wazee wetu, na ninyi nyote mliokanyaga tope la leo kuja hapa Ndandalo, mimi ni Lazaro, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Mhandisi Tusekile Ambilikile alizaliwa hapa Ndandalo tarehe 12 Machi 1979, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Ambilikile na mama yetu Kisa. Alimaliza shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1993, akasoma sekondari mjini Mbeya, kisha uhandisi wa maji Dar es Salaam, akahitimu mwaka 2004 na kuajiriwa serikalini mwaka uliofuata, akaanzia Iringa. Huko alikutana na shemeji yetu Gaudence, mwalimu mwenyeji wa Karagwe, wakafunga ndoa tarehe 12 Julai 2008, Mungu akawajalia Marystella na Nelson.

Mwaka 2014 alihamishiwa Kyela, wakaishi mtaa wa Bondeni. Kazi yake ilikuwa kuonyesha kwenye kompyuta jinsi mto utakavyotiririka mvua ikizidi, na mwanzoni mwa masika ya 2021 hesabu zilionyesha kijiji chetu ni salama, lakini yeye hakuridhika, kwa sababu katika hesabu hizo ziwa ambamo mto unaingia lilikuwa limewekewa kimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mkuu wake, Bwana Sospeter, ambaye tunaye hapa, alitaka taarifa ipelekwe wilayani siku hiyo hiyo, dada akamwambia, "Mkuu, ziwa halisimami kungoja mto upite." Akapewa muda, akarudia hesabu, safari hii mvua za Rungwe, huko juu mto unakotoka, na kimo cha ziwa vikibadilika saa kwa saa, na maji yakaonekana yakirudi nyuma mpaka majumbani kwetu.

Kijiji kikaonywa, watu wakahamia shuleni, lakini mama akakataa kuliacha kaburi la baba. Dada alikuja mwenyewe, akakaa naye jikoni, akamwambia, "Mama, nikikosea utanicheka, lakini nikipatia sitaki uwe humu ndani." Mama akatoka na kuku wake. Wiki hiyo maji yalifika madirishani, hakupotea mtu, na dada hakujisifu, alisimama na mama wakitazama mpunga uliolala chini ya maji, wakalia pamoja.

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mbeya na Dar es Salaam, na alipoishiwa nguvu aliomba kuletwa kwa mama, ambaye alimwogesha kila asubuhi kama alivyomwogesha utotoni, hadi tarehe 14 Januari 2025 alipoaga dunia, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Bondeni mliopika na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake mliomsafirisha kwenda hospitali kila alipohitaji, ndaga fijo, asanteni sana. Mama hawezi kusimama, ameniomba niseme kwa niaba yake, "Tusekile mwanangu, ulinitunza, nami nimekutunza, sasa lala."

Dada yetu, pumzika kwa amani.