Wote Walimjua Alipokuwa Mtoto

Nawasalimu katika jina la Mwokozi. Mchungaji ameniomba niongee pole pole na nisikasirike. Nimemwambia pole pole nitaongea. Hilo la pili sikumwahidi.

Ndugu zangu, mimi niliolewa na hadithi. Miaka ya tisini, huko kwetu, mbele kidogo ya mji wa Kajiado, kulikuwa na kijana mmoja aliyesifiwa kila boma. Kwa sababu gani? Kwa sababu alipokuwa mtoto, wakati wa kiangazi, ndama wa jirani alizama kwenye tope la silanga, pale ng'ombe wanakunywa maji. Wavulana wengine walikimbia. Yeye akaingia mpaka tope likamfika kifuani, akashikilia kichwa cha yule ndama mpaka wanaume wakafika. Ni kweli, mimi sikatai. Ndama alipona, na mtoto akaugua homa kwa ajili yake.

Basi walipokuja kuniposa, baba yangu hakuuliza kitu. Hakuuliza huyu mtu sasa anaishi vipi, akikasirika anakuwaje, ana marafiki gani. Alisema nyota njema huonekana asubuhi, akapokea blanketi la posa. Na mimi nilifurahi, sitawadanganya. Nani hangefurahi?

Alianza kunipiga kabla mtoto wetu wa kwanza hajatembea. Mara ya kwanza ilikuwa kwa sababu nilimpa mgeni chai kabla yake. Baadaye hakuhitaji sababu. Na msimtafutie pombe, mama zangu, nawaona mnavyotikisa vichwa. Hakuwa mlevi. Alikuwa mzima kabisa, anafunga mlango kwanza ndipo anaanza.

Nikakimbilia kwa baba. Mnajua desturi yetu: mke akienda kwao, mume anamfuata na wazee, wanakaa chini, maneno yanasikizwa, ndipo anaomba mke arudi. Ni desturi nzuri, ila masikio ndiyo yalikosekana. Nilionyesha mkono wangu uliovimba. Mzee mmoja akautazama, akanihurumia kabisa, halafu akasema, "Lakini huyu tunamjua tangu akiwa mdogo."

Hapo silanga ikaingia kwenye kikao. Kila mzee alikuwa na kipande chake cha hiyo hadithi. Mwingine alikumbuka tope, mwingine alikumbuka homa. Wakati walimaliza, mimi ndiye nilikuwa mwongo. Baba akasema kijana kama huyo hawezi kumpiga mtu bila kuchokozwa. Nikarudishwa.

Nilikimbia tena, nikarudishwa tena kwa hadithi ile ile. Ndugu zangu, nawaambia, hapa hasira hunishika mpaka leo. Majeraha yangu yalikuwa ya juzi. Yule ndama alikuwa wa zamani, alishakuwa ng'ombe, akachinjwa, akaliwa, na wengine wao walikula. Lakini yeye ndiye alikuwa shahidi wao.

Safari ya mwisho nilifika kwa baba nikitoka hospitali, ubavu umevunjika, nahema kwa shida. Mume wangu na wazee wakaja kama kawaida, na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, wa kutuliza baba. Siku hiyo mama mkwe wangu alikuja nao. Kwetu mama haongei kwenye kikao cha wazee, kwa hiyo alikaa mlangoni na wanawake. Mzee wa kwanza alipofika kwenye lile tope, mama mkwe akainuka, akaingia katikati yao.

Akasema, "Wazee wangu, mnisamehe. Yule mtoto wa silanga nilimzaa mimi, na ninampenda mpaka leo. Lakini yule mtoto hakuoa. Aliyeoa ni huyu mwanaume. Nyumba yangu iko karibu na yake, na mimi nasikia. Mkimrudisha huyu msichana mtamzika."

Mume wangu akamwambia, "Yeyo, mama yangu, kaa chini." Hakukaa. Alibaki amesimama akiwatazama mmoja mmoja. Mwishowe baba yangu akawaambia wageni warudi na mtamba wao. Watoto wangu walikuja baadaye, na nyanya yao ndiye aliyewaleta.

Nikaja hapa Kitengela, nikapata kazi ya kuosha matumbo kwa bucha. Sasa sikizeni, kwa maana Mungu naye ana utani. Mwenye bucha alikuwa mtu wa kwetu. Alipokuwa mtoto hakuna aliyempenda. Alichoma ua wa boma la watu, alipiga mbuzi wa vikongwe kwa mawe, na mama yangu mwenyewe alimkimbiza na fimbo. Baba alisema huyo atauawa na umati. Huyo ndiye aliyenipa kazi, na mke wake akanipa chumba. Mume wangu alipokuja kunivuta kwa nguvu, huyo jambazi wao alisimama mlangoni, mikono mitupu, akamuuliza kwa upole kama anataka nyama. Akasema kama hataki, aendelee na safari. Na akaendelea.

Namshukuru yeye na mke wake. Namshukuru mama mkwe, aliyemkana mwanawe mbele ya watu na machozi yakimtoka. Baba yangu pia namshukuru, ingawa alichelewa.

Asubuhi ni asubuhi, jamani, lakini mtu anaishi mchana kutwa. Mkiulizwa kuhusu mtu, semeni vile alivyo. Vile alivyokuwa mwachieni mama yake.

Na sitaketi kabla sijasema hili. Kwangu nyumbani kuna msichana amekuja na jicho limevimba mpaka limefunga. Mume wake amelelewa katika shule ya Jumapili ya kanisa hili, aliimba hapa mbele akiwa na kaptula, na nyinyi mlipiga makofi. Jumamosi watu wake wanakuja kuomba arudi, na wengi wao wameketi hapa ndani. Karibuni sana, chai itakuwepo. Lakini atakayeanza kunieleza vile huyo kijana alivyokuwa anaimba, chai yake atainywea nje ya geti.