Aliyeitoa Hesabu Kabatini: Mwalimu Gertruda Tarcis Msumi (1960–2026)

Jambo la kwanza ambalo mjukuu wake Vaileth, anayesoma wasifu huu, alilitambua kwa bibi yake ni gundi. Ilikuwa pembeni mwa kucha zake siku za kazi, siku za misa, hata siku za harusi. Jirani yake wa Bagamoyo mjini, Bi Dija, alipokuwa akimpaka hina kwa ajili ya shughuli ya binti yake, alisimama kwenye kidole cha tatu. "Mwalimu, hina haishiki juu ya gundi." Marehemu akamjibu, "Paruke hapo, shoga. Watu watajua nimetoka kazini."

Marehemu Mwalimu Gertruda alizaliwa Miono tarehe 14 Machi 1960, mtoto wa tatu wa Mzee Tarcis Msumi na Mama Monika, wakulima wa mahindi na ufuta. Nyumbani kwao nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa kila pishi, na kazi hiyo ilikuwa yake. Alianza shule ya msingi hapohapo Miono mwaka 1968. Siku moja mwalimu aliuliza ni vibaba vingapi vinavyojaza pishi mbili na nusu. Wenzake walitazama dari. Yeye alifumba macho, akamimina hewani kwa mikono miwili mpaka darasa zima likamcheka, kisha akasema, "Kumi." Kicheko kikakatika.

Alisoma sekondari Morogoro kuanzia 1975 hadi 1978, kisha chuo cha ualimu, na tarehe 2 Februari 1981 aliripoti Fukayosi kufundisha hesabu.

Huko Fukayosi ndiko alikompata mwenzi wake, Joachim Kobelo, fundi seremala. Alimwagiza sanduku la mbao la kufundishia pembe na nyuso za mchemraba. Alilirudisha mara mbili. Mara ya pili alisema, "Fundi, kona hii ina nyuzi tisini na mbili." Joachim akamtazama. "Mwalimu, wewe unataka sanduku au unanitafutia sababu nije tena kwenu?" Mara ya tatu sanduku lilikuwa sawasawa, na ndani yake mlikuwa na barua ya posa. Walifunga ndoa takatifu Bagamoyo tarehe 20 Septemba 1986, na Mungu aliwajalia watoto watatu.

Marehemu alihamia shule ya Bagamoyo mjini mwaka 2003, na Juni 2011 aliandaa mafunzo yake ya kwanza kwa walimu wa hesabu. Yeye na mumewe walikuwa wamefanya kazi miezi minne, wakatengeneza zana sitini za mbao zilizopigwa msasa na rangi. Walimu walizibeba kwa shangwe. Miezi sita baadaye alizungukia shule zao kuona matunda ya kazi yake. Shule baada ya shule, alikuta zana zimevikwa nailoni na kufungiwa kabatini, na funguo anazo mwalimu mkuu. "Tunazitunza, mama," aliambiwa kwa heshima. "Watoto watazichafua kabla wageni hawajaziona."

Alirudi nyumbani, akakaa siku mbili bila kushika msumeno. Hakumlaumu mtu. Alimwambia mumewe, "Kosa ni langu. Nimewapa kitu cha thamani ambacho si chao." Kuanzia hapo akaweka masharti mawili. Hakuna mwalimu atakayeondoka na zana iliyotengenezwa na mwingine. Na zana ambayo mpaka mwisho wa muhula haijachakaa, mwenyewe aje aeleze ilikuwa wapi.

Mbao zikaondoka, yakaja maboksi, fito, vizibo, udongo na mchanga. Si wote waliofurahi. Mwalimu Mwinjuma, aliyekuwa na miaka kumi na tisa kazini, alikunja mikono. "Mama, tumekuja kwenye hesabu au kucheza kujipikilisha kama watoto?" Marehemu akampa mkasi. Alimtaka akunje boksi litoke pia, umbo lenye ncha kama karatasi ya karanga, kisha silinda yenye kimo na mdomo uleule. Mwinjuma akaijaza ile pia mchanga, akaumimina kwenye silinda. Mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu mchanga ukafika ukingoni, ukasimama hapo. Mwinjuma akasema, "Miaka yote hii nimewaambia watoto ni theluthi ya silinda, na mimi mwenyewe sikuwa naamini." Hakukosa mafunzo mengine tangu siku hiyo.

Marehemu alistaafu mwaka 2020, lakini mafunzo yaliendelea kila likizo. Mwaka 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, akawa anakwenda Dar es Salaam kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hakuzungumzia sana maumivu. Hofu yake ilikuwa moja, naye aliitaja waziwazi: kwamba akiondoka, kila kitu kitarudi kabatini.

Agosti 2025 daktari alimzuia kusimamia mafunzo. Yaliongozwa na Mwalimu Adila wa Saadani, mmoja wa walimu aliowafunza. Oktoba, baada ya kuzungukia shule kumi na mbili, Adila alikuja kutoa taarifa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Zimevunjika ngapi?"

"Kumi na tisa. Kumi na sita wameshazitengeneza upya. Sikushika hata moja, mama, mikono niliiweka nyuma."

Kisha akamweleza jinsi walimu wa Saadani walivyowapeleka watoto kwenye chanja za kuanikia samaki, wakahesabu miraba kati ya fito mpaka eneo likaeleweka. Marehemu aliinuka kitandani. "Hiyo sikuwafundisha mimi. Chora nione." Kwa nusu saa Mwalimu Gertruda alikuwa mwanafunzi, akiuliza na kusahihishwa. Adila alipoondoka, alimwambia mumewe, "Sasa wanaweza kunizidi," akaomba uji, akaumaliza.

Aliaga dunia kwa utulivu nyumbani kwake Bagamoyo, Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Ameacha mgane, Mzee Joachim Kobelo, watoto Tarcis, Evelyn na Clever, wajukuu saba, na walimu mia tatu na kumi na wawili waliopita mikononi mwake. Bwana aliyemfundisha kupima ampokee kwa kipimo kilichojaa, na ampe pumziko la amani.

Jumamosi tarehe 28 Februari, saa mbili asubuhi, karakana ya hesabu ya Fukayosi, mahali pa walimu kutengenezea zana zao, itafungua mlango wake kwa mara ya kwanza. Paa limeshaezekwa, meza zimeshafika. Walimu arobaini na wanane wamejiandikisha, na Mwalimu Adila ameomba kila mmoja aje na mkasi wake.