Mzee Gololi na Beseni la Dirishani

Tunayemsindikiza leo alizaliwa asubuhi ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1953, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa baba seremala na mama mkunga. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alitoka kimya, wakamfinya ndipo akalia, na ukimya huo hakuuacha maisha yake yote. Wasifu huu unasomwa na dada yake mdogo, ambaye inasemekana alipewa maneno ya wote wawili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, kisha sekondari kwa miaka minne. Kwenye hesabu alikuwa moto wa kuotea mbali. Kwenye mdahalo alipangwa mara moja tu: alisimama, akawashukuru wasikilizaji, akakaa.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa katika idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu mwaka 2008. Mwaka 1983, akiwa katika zamu zake, aliingia kusoma mita kwa daktari wa meno, akakuta pale mapokezi tangi la kioo lenye samaki wadogo wa milia. Alisimama mbele yake hadi mhudumu akamwuliza, "Kaka, jino lipi linakuuma?" Siku hiyo alirudi nyumbani na samaki sita ndani ya mfuko wa plastiki.

Samaki hao wana tabia mbaya, na tuiseme tu. Asubuhi kukipambazuka hutaga mayai madogo kama chembe za chumvi, wakayatawanya ovyo majini, halafu wanageuka na kuyala wenyewe. Dawa yake ni kutandaza gololi ndani ya beseni wanamotagia ili mayai yatumbukie katikati yake, midomo ya wazazi isiyafikie. Basi alikwenda dukani akaomba gololi mia mbili.

"Mtu mzima wewe, utacheza na nani?" mwenye duka akashangaa.

"Na wazazi wasio na huruma," akajibu.

Jina la Mzee Gololi likamganda tangu siku hiyo, naye alikuwa na miaka thelathini tu.

Tarehe 7 Januari 1984 alifunga ndoa na fundi cherehani, wifi yetu mpenzi. Mwezi wa tatu wa ndoa, bibi harusi alikuta jikoni beseni limefunikwa kwa gazeti, ndani mna maji na gololi zimeanza kuota ukungu. Alimwaga maji yote, akazisugua gololi moja moja hadi zikang'aa. Kumbe aliyoyamwaga ni mayai ya kwanza ambayo mumewe alikuwa ameyahangaikia kwa miezi mitano.

"Nimekuoshea gololi zako," alimwambia mumewe aliporudi kutoka kazini.

Aliokota moja, akaielekeza kwenye mwanga. "Ahsante sana, mke wangu. Zimetakata kweli."

Ilipita miaka mitatu ndipo dada yake mdogo, ambaye siri kwake hailali, alipomwambia wifi yake kilichokuwamo ndani ya maji yale. Wifi alilia, kisha akanuna kwa nini hakuambiwa mapema. Mumewe akamwambia, "Uliziosha kwa mapenzi. Ningekugombeza kwa lipi?"

Kuanzia hapo wifi ndiye aliyeshona vitambaa vyembamba vya kukamulia kiini cha yai la kuchemsha, chakula cha vifaranga vya samaki. Walijaliwa watoto watatu wa kuzaa, na samaki wasio na idadi, ambao waligawiwa majirani, shule mbili na daktari yule wa meno. Tunamshukuru Mungu kwa miaka arobaini ya ndoa hiyo.

Moyo ulianza kumsumbua mwezi Novemba 2022. Familia inawashukuru sana madaktari na wauguzi waliomhudumia. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, samaki wake walitaga. Aliwatoa wazazi, akalifunika beseni kwa gazeti, akaliweka karibu na dirisha la jikoni. Baada ya saa mbili alizidiwa, akakimbizwa hospitali. Akiwa kitandani alimshika mkewe mkono.

"Lile beseni la dirishani..."

"Najua, baba. Safari hii simwagi."

Alicheka mpaka muuguzi akaja kumtuliza. Aliaga dunia Jumatano, tarehe 5 Juni, saa kumi na moja jioni, mkewe na dada yake mdogo wakiwa kando yake.

Mjane hakutoa sauti tangu saa hiyo. Alhamisi nyumba ilijaa watu, na ndugu mmoja aliyekuwa akitafuta chombo cha kuoshea vikombe akalinyanyua lile beseni. "Hili lina maji tu, nilimwage?"

"Liweke chini!"

Aliyepaza sauti ni mjane. Alilibeba mwenyewe hadi chumbani, akaketi karibu nalo.

Marehemu ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba na ndugu wanne. Familia inawashukuru nyote mliokuja.

Hapo ndipo karatasi mlizoshika zinapoishia. Haya mengine dada yake ameyaandika kwa kalamu leo asubuhi, pembeni mwa ukurasa. Saa kumi na mbili na nusu mjane alifunua gazeti, akatuita sote. Vifaranga wameanza kuogelea. Aliwahesabu hadi themanini na mmoja, machozi yakamvurugia hesabu. Kisha akasema kwa sauti, kama mtu anayeongea na aliye chumba cha pili, "Ahsante sana, mume wangu."

Mzee Gololi, pumzika kwa amani. Yai la vifaranga limeshachemshwa.