Mzee Liew Kam Sang na Jina Lililochongwa Kaburini

Wasikilizaji wapendwa wa Ipoh na viunga vyake, kabla ya kusema lolote nataja jina. Liew Kam Sang. Ukipita makaburini kule mlimani hutalisoma. Jiwe linasema Foong. Jiwe linasema uongo, na mimi nimekasirika.

Mzee wetu alizaliwa Liew. Aliletwa huku Malaya kutoka China akiwa na miaka saba. Mfanyabiashara mmoja, Bwana Foong, alikuwa na kibali cha kumwingiza mwanawe nchini. Mtoto akafa kwa homa kabla ya safari. Basi akapandishwa melini mtoto wa jirani, kwa jina la yule marehemu. Huyo mtoto wa jirani ndiye Mzee wetu. Alipanda meli akiwa Liew, akashuka akiwa Foong.

Wengi mlimjua kama Mzee Foong wa chipukizi. Aliotesha choroko kwenye mitungi nyuma ya nyumba, auze chipukizi zake kama mboga, akizimwagilia maji na kuzisemesha kama mtu anayefuga kuku. Kila sikukuu ya kufagia makaburi alilisafisha kaburi la Bwana Foong kwa heshima, akampakulia nyama, akammiminia chai. Kisha alijitenga, akachoma udi kando ya njia, penye mtaro, kwa wazee wake wa ukoo wa Liew, ambao makaburi yao hakuyaona tena.

Binti yake, Mei Yoke, anakumbuka. "Tulikuwa tunamcheka. Tunamwambia, baba, unausalimia mtaro? Anasema, chekeni tu. Cha kuazima hakistiri maungo. Nikifa mnirudishie langu."

Ndivyo wafanyavyo watu wetu wengi walioingia kwa jina la mwingine. Ukiwa hai, jina la kibali. Ukifa, jiwe linakurudishia ukoo wako na kijiji chako, ili vitukuu wajue pa kuanzia kutafuta. Mzee aliomba hilo. Hilo tu.

Sasa sikilizeni. Mwanawe mkubwa, Weng Hoe, alitaka kiti cha uongozi katika jumba la ukoo wa Foong. Akampata mtafuta asili mmoja, mwenye suti na ulimi wa asali, akamtungia mababu wa Foong hadi kwa jemadari fulani mwenye farasi mweupe. Mzee alipofariki, Weng Hoe akachongesha Foong, na juu yake kijiji cha huyo jemadari.

Mei Yoke alimkabili pale pale matangani, jiwe likiwa mbele yao. "Kaka, baba alikuomba."

"Liew ni nani mjini hapa? Wanangu watapata nini kwa Liew?"

"Watapata babu."

"We kauze chipukizi zako. Mambo ya ukoo niachie mimi."

Mama yao, Bibi Lai Kuen, alikuwa anakunja karatasi za kumchomea marehemu. Kaburi lile ni la watu wawili, na nafasi ya pili ni yake. Fundi alipotaka kuchonga jina lake ubavuni mwa jiwe, kwa rangi nyekundu ya walio hai, bibi akainua mkono.

"Mimi niliolewa na Liew. Huyu Foong simjui. Mwanangu, kwa umri huu unataka nikalale na mwanaume wa watu?"

Matanga yote yakaangua kicheko. Weng Hoe hakucheka. Hadi leo ubavu ule wa jiwe ni mtupu.

Nami ni mama, na jambo hili linaninyima raha. Wazazi, msingoje kitanda cha hospitali. Watajieni watoto ukoo wenu na kijiji chenu, majirani wakisikia. Nanyi watoto, mkishatajiwa, msiuze. Siku moja mjukuu wa Weng Hoe atakwenda China kutafuta kwao. Atapiga magoti kwenye makaburi ya watu baki, na wa damu yake wako kwingine, hawana wa kuwafagilia.

Pole, Bibi Lai Kuen. Pole, Mei Yoke. Weng Hoe, pole nawe, umefiwa na baba. Lakini patasi hazijaisha mjini, na mama yako bado yu hai.

Kwaheri, Mzee Liew. Liew Kam Sang.