Bwana Afya Aliyeketi Akala

Wasifu wa marehemu Mzee Valerian Erasmo Likwata
14 Machi 1951 – 9 Februari 2025

Ndugu, jamaa, majirani wa Kilangala, na ninyi mliotoka Kiswere na Lindi kuja kutusaidia kumzika mzee wetu: wengi wenu Mzee Valerian aliwakagulia vyoo. Baadhi yenu aliwafungia hoteli, na mmoja, hatumtaji, alifungiwa mara tatu kwa mwaka mmoja. Na karibu wote mliotoka Kiswere, katika miaka yake mitano ya mwisho, mlimlisha. Familia inaomba uvumilivu wenu tueleze jinsi mtu huyo wa vyoo na mtu huyo wa sahani walivyokuwa mtu mmoja, maana sisi wenyewe hadi leo tunashangaa.

Mzee Valerian alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Kilangala, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Erasmo Likwata na Bi Natalia, wote marehemu. Dada yake, Bi Stefania, ambaye Mungu amemjalia kuwa nasi leo, anasema alikuwa mtoto wa maneno mengi kupita watoto wote wa kijiji. Siku moja alitumwa chumvi kwa jirani, akarudi jua limesimama na habari za nyumba nne, chumvi kaisahau. Binti yake mkubwa, Restuta, alisimuliwa kisa hicho tangu utotoni, na kwa miaka mingi aliamini kwamba shangazi anamsingizia baba yake.

Alisoma shule ya msingi hapa Kilangala kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, kisha sekondari mjini Lindi hadi 1969. Baada ya Jeshi la Kujenga Taifa alijiunga na mafunzo ya afya ya jamii, akahitimu mwaka 1973. Januari 1974 alipangiwa Wilaya ya Kilwa kuwa bwana afya, mkaguzi wa usafi, na mwaka 1977 akapelekwa Kiswere. Alikuwa na miaka ishirini na sita, ana baiskeli ya serikali na kaptula iliyopigwa pasi, na watu walimpenda. Alikagua kwa utani. Alikaribishwa, akaketi, akala, akasifu mapishi.

Februari 1978 kipindupindu kilipita Kiswere kikachukua watu kumi na mmoja. Baada ya hapo Bwana Afya akawa yule mnayemjua. Alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti ila kwa kukagua. Ukimpa kiti, alikitazama kama hakijawahi kuoshwa. Ukimpa maji ya kunywa, aliuliza yamechemshwa lini, na ukimjibu vizuri hakuyanywa hata hivyo. Alimulika tochi katika karibu kila choo cha kijiji, cha diwani na cha ajuza, mvua au jua, kwa miaka thelathini na tatu. Watoto walipoona baiskeli yake walipiga mbio kufunika mitungi bila kutumwa. Alichukiwa, jamani, tusidanganyane mbele ya jeneza. Lakini kuanzia mwaka huo hadi anastaafu mwezi Machi 2011, hakuna hata mtu mmoja wa Kiswere aliyekufa kwa kipindupindu. Kijiji kizima kilitembea juu ya ukali wa mtu mmoja, na hakikujua.

Tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa takatifu na Bi Cecilia, ambaye alikuwa amemposa Desemba 1977. Mama Cecilia alizoea kusema, "Mimi niliposwa na mtu mmoja, nikaolewa na mwingine." Watoto walicheka wakidhani ni mzaha. Walijaliwa watoto watatu: Restuta, Yohana na Devota. Baba yao aliwalisha, akawasomesha, akawachanja wa kwanza kijijini ili wengine waone. Hakuwapiga. Hakuwakumbatia pia. Mama Cecilia alitangulia mbele ya haki tarehe 2 Oktoba 2017, na katika msiba huo Mzee alisimama siku zote tatu.

Restuta, aliyezaliwa mwaka 1981, ndiye aliyerithi tabia yake, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Ni muuguzi mjini Lindi, na wagonjwa wake hunywa dawa kwa wakati. Baba yake alimtembelea nyumbani kwake mara tatu katika miaka kumi na minne. Mara zote tatu alikagua pipa la maji, akauliza taka zinatupwa wapi, akaondoka kabla chai haijachemka. Na mara zote tatu Restuta alikuwa ameandaa chakula.

Basi fikirini hali yake siku moja ya Agosti 2019, alipopigiwa simu na jirani wa baba yake, Benadetha.

"Dada Restuta, njoo umwone baba. Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Kwetu! Amekaa mkekani, anakula mihogo. Amemwambia mama mihogo mitamu."

"Baba yangu?"

"Huyo huyo. Mama amelala, presha imempanda."

Wiki hiyo simu zikafuatana. Mzee amekunywa uji kwa fulani bila kuuliza maji. Mzee amembeba mtoto wa fulani. Mzee ameingia kwa mwenye hoteli aliyemfungia mara tatu, na mwenye hoteli amefunga mwenyewe, amekimbia kwa nyuma. Kila alipopiga hodi, akina mama walifagia ua, walificha masufuria na kumwaga dawa chooni, naye alikuwa ameshaketi anauliza habari za mtoto aliyeko Masasi. Tumefundishwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Huyu alikuwa na miaka sitini na minane, mkavu kabisa, na alikuwa anakunjika mbele ya macho yetu bila kuvunjika.

Restuta hakushangaa. Restuta aliogopa. Kwa kazi yake alikuwa amewaona wazee ambao tabia ziligeuka ghafla, mpole akawa mtukanaji, bahili akagawa shamba, na nyuma yake kuna ugonjwa. Akamleta Lindi kwa daktari. Daktari alimwuliza mzee tarehe, akamwambia ahesabu kurudi nyuma, akamwambia achore saa. Mzee alichora saa, akaongeza na mshale wa sekunde.

"Kumbukumbu yake ni nzuri kuliko yangu," daktari alimwambia Restuta pembeni. "Lakini tabia ya mzee ikigeuka namna hii, wakati mwingine ni mshipa mdogo umeziba kichwani. Inawezekana. Inawezekana pia si hivyo. Awe karibu na mtu."

Neno lile "inawezekana" lilimkalia Restuta moyoni vibaya. Hofu ya ugonjwa aliijua. Kulikuwa na nyingine aliyoona haya kuitamka: kama upole huu ni ugonjwa, basi baba mwenye upole hakuwahi kuwapo, na yule mkavu wa mlangoni ndiye baba pekee aliyepewa. Akaamua kumhamishia mzee kwake mjini, amweke ndani, amwangalie. Mzee alikuwa amesharudi Kiswere, akamwambia waziwazi kwa simu.

"Baba, hiyo si tabia yako. Ni ugonjwa."

"Pengine," mzee alijibu. "Lakini ugonjwa haujui kupiga hodi, mwanangu. Anayepiga hodi ni mimi."

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 2019 Restuta alikwenda Kiswere kumchukua. Alikuta mlango umerudishiwa, mzee hayupo. Akaanza kumtafuta nyumba kwa nyumba. Nyumba ya kwanza wakamwambia ametoka sasa hivi, amekula kiazi. Ya pili, amekunywa chai, amewaambia habari za mjomba wao ambazo wenyewe walikuwa hawazijui. Ya tano, amelia nao, kumbe jana yake walipata habari ya msiba. Kila nyumba alikuwa anakumbuka kisima kilichimbwa mwaka gani, nani alizaliwa siku choo kinajengwa, nani aliumwa nini na akapona vipi. Miaka yote ile amesimama mlangoni, alikuwa anawatazama watu, na hakuna alichokisahau. Restuta alitembea akiwa na hasira, kisha hasira ikawa inampungua njiani, hajui inakwenda wapi.

Alimkuta nyumba ya mwisho, upande wa mashamba ya chumvi, ambako hakuwahi kumwona baba yake akipita. Alikumbuka kwamba utotoni, wakielekea upande huo, baba aliwazungusha njia ndefu. Na kwenye ukaguzi, nyumba hiyo alimtuma msaidizi. Sasa alikuwa ameketi barazani kwa Bi Mwahija binti Idd, sahani ya wali wa nazi mbele yake.

"Hodi."

"Karibu, mama. Pita."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe Restuta. Umefanana naye mpaka kukunja uso. Kaa."

Restuta alisema hakai, amekuja kumchukua baba, ni mgonjwa. Bi Mwahija akamtazama mzee, mzee akainamisha kichwa, kama kumpa ruhusa. Ndipo Bi Mwahija akaeleza, naye ametuomba tuyaseme hapa leo kama alivyoyasema.

Januari 1978, Bwana Afya kijana alikuja kumkagulia. Wali ulikuwa umeiva na mchuzi wa pweza. Alikaribishwa, akala, akawachekesha watoto wawili wa nyumba hiyo, Kibwana wa miaka saba na Mwanaidi wa miaka minne, mpaka wakashika matumbo. Kutokea mkekani aliona kisima nyuma ya nyumba, ukingo umemomonyoka, na choo kiko karibu nacho mno. Aliona. Lakini mgeni aliyeshibishwa anaanzaje kumwambia mwenye nyumba, nionyeshe choo chako? Aliona haya. Akajisemea atarudi wiki ijayo. Akaaga, akashukuru. Mwezi uliofuata kipindupindu kilipofika, wote wawili walikufa ndani ya siku mbili.

"Nilimlaumu," alisema Bi Mwahija. "Nisikufiche. Nilimlaumu mwaka mmoja. Mwaka wa pili nikachoka. Nikawa namngoja aje nimwambie nimechoka, haji. Anazunguka njia. Mwezi wa saba huu tumekutana kwenye foleni ya dawa ya presha, wazee wawili, nikamshika mkono. Nikamwambia, Bwana Afya, mimi nimechoka mwaka wa pili, wewe miaka arobaini hujachoka? Nimefiwa na watoto wawili, na mgeni wangu naye nikamkosa. Njoo ule."

"Nikaja," alisema mzee. "Nikala."

"Alilia kwanza," alisema Bi Mwahija. "Wali ukapoa, nikaupasha."

Restuta alikuwa bado amesimama. Alimtazama baba yake, akaona kwamba huyu mtu hakuwa mgeni. Alikuwa yule mtoto wa chumvi aliyesimuliwa na shangazi, aliyefungiwa ndani na mlinzi mkali, na mlinzi naye alikuwa yeye mwenyewe. Huo ukali ambao watoto wake waliudhani ni moyo mkavu, ulikuwa ni nadhiri. Aliishika miaka arobaini na moja bila likizo, bila kumweleza mtu isipokuwa, pengine, Mama Cecilia. Hakula siku ile, lakini alikaa. Jioni alirudi Lindi peke yake, na begi alilokuja kumfungia baba nguo alilirudisha tupu.

Mzee Valerian aliendelea kupiga hodi Kiswere kwa miaka mitano. Visima aliviona kama zamani, ila sasa alisema akiwa ameketi, na watu walitengeneza upesi zaidi, jambo ambalo mabwana afya vijana wangefaa kulichunguza.

Jumapili ya tarehe 19 Januari 2025, bila taarifa, alishuka kwenye basi Lindi, akachukua bodaboda hadi kwa Restuta. Alipita pipa la maji asilitazame. Akavua viatu, akaketi, akauliza kuna nini jikoni. Kulikuwa na kisamvu na ugali wa jana. Alikula, akaomba kuongezewa. Alisema amekuja kukaa wiki moja.

Tarehe 31 Januari, angali kwa Restuta, alipatwa na kiharusi, akalazwa hospitali mjini Lindi. Madaktari na wauguzi walimhudumia kwa moyo wote, nasi tunawashukuru. Picha ya kichwa ilionyesha damu mpya, na kovu dogo la zamani. Restuta alipoulizwa kama angependa kujua kovu lile ni la mwaka gani, alisema hapana. Siku tisa alikaa kando ya kitanda cha baba yake, akimgeuza, akimwosha, hakubali kupokelewa zamu. Maneno yalikuwa yamemtoka mzee karibu yote. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, alifumbua macho, akamtazama binti yake muda mrefu, akatafuta neno kwa shida mpaka jasho likamtoka.

"Umekula?"

Restuta alikuwa hajala. Alifungua chakula alicholetewa na jirani tangu jana yake, kimepoa, akakila chote mbele ya baba yake, tonge kwa tonge, naye mzee akimfuata kwa macho hadi la mwisho. Mzee alikata roho saa nne na robo.

Marehemu ameacha watoto watatu, Restuta, Yohana na Devota, wajukuu saba, dada yake Bi Stefania, na tunamwandika hapa pia Bi Mwahija binti Idd wa Kiswere, kwa idhini ya familia yake, maana aliomba ahesabiwe miongoni mwa wafiwa.

Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Baba yetu, kazi yako tumeiona, na wewe mwenyewe tulikuona. Apumzike kwa amani.