Babu Amelala Katikati ya Mupunga

Bisheni kama munaweza, wadogo zangu: mutu aliyetoka shule darasa la nne, tena kwa dirisha, amesimamisha kampuni nzima na makatapila yake kwa kaburi moja tu. Ndiye mimi, Amuri, kaka yenu. Mwamvita, usilie; udongo wa shimo la dhahabu la Lusangi umenivunja mbavu, haujanivunja mudomo. Iliasi, funga mulango kwanza. Baba mudogo Abdoul ana masikio marefu kuliko mikono, na mikono yenyewe haijui jembe.

Sikilizeni. Lile shamba babu alilifyeka mwenyewe. Wazungu wa pamba wakamufukuza, wakaotesha majani mafupi kama nywele za askari, wakashinda humo wakifuata kijipira, watu wazima wenye ndevu! Walipoondoka, babu akayang'oa, akamwaga mupunga. Leo wamekuja wengine, eti uwanja wa golfu tena, na nyumba za matajiri kuuzunguka, na ukuta. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka.

Enjenia Gérard wa hiyo kampuni akiwaletea sukari, muulizeni chai anataka kuinywea wapi. Musitie kidole kwa karatasi yake yoyote. Na baba mudogo, asiyeuza hata kuku, mabati mapya ameyatoa wapi? Mumusalimie, ni damu, lakini mumuchunge.

Kampuni haikupita kwa sababu babu iko pale katikati, na kwetu penye kaburi lako ndipo penye shamba lako. Sasa Gérard anataka kuhamisha mifupa Jumatatu, kwa heshima, na Abdoul amekubali mbio-mbio. Mbio za nini? Amenusa kitu.

Maji, Mwamvita... kidogo.

Nimejisifu, nikaruka kipande. Munajua babu alizama mutoni kule Nyangwe. Niliwaambia wavuvi wamenipa mifupa yake. Shehe akaswali, mukalia, na mimi nikalia kuwashinda wote. Uongo. Ndani ya sanda ile nilifunga shina la mugomba. Wakifukua Jumatatu watacheka, na shamba limekwenda.

Basi munizike palepale, musingoje. Iliasi, ushike jembe wewe mwenyewe, uutoe ule mugomba kimya... uniweke mimi. Maiti mubichi, hakuna shehe wa kukubali ahamishwe. Shamba ni lenu wawili, lakini mbegu ashike Mwamvita, wewe muvivu... Mungu awafunike, wadogo zangu... chungu chenu kisikose wali...

Na wakija kuchimba, waacheni. Safari hii watakuta mutu.